Nilivyounda Garimoshi Dogo la Mvuke

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Mimi ni mwanafunzi tu, sina kimo cha kusimama mbele ya wahenga. Hata hivyo, katika makala haya naomba ruhusa yao nibishane nao kidogo. Ziko ajali zenye kinga, na moja ilinikosa mimi mwenyewe kwa sababu mzee mmoja alikataa katakata kunipa kiberiti.

Wenzangu wengi hapa shuleni Kitale wameniuliza, "Kile kigari chako kilienda kweli, ama ni stori tu?" Kilienda, tena kwa mvuke halisi, si kwa betri. Walimu nao wamenihimiza niandike kilivyoundwa, ili atakayetaka kujaribu asirudie kosa langu. Basi kaa kitako, ndugu msomaji, tuanze mwanzo.

WAZO LILIKOTOKA

Nyumbani kwetu ni Bungoma, na babu yangu katika ujana wake alikuwa mchochezi wa moto katika injini za mvuke, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto na maji ili dereva apate mvuke wa kutosha. Wakati ule injini nyingi hazikuchoma makaa tena, zilichoma mafuta mazito.

Hata sisi wa Kitale tuna reli katika historia yetu. Tawi la reli kutoka Leseru, karibu na Eldoret, lilifika hapa mwaka wa 1926 likipitia Soy na Moi's Bridge. Njia kuu nayo ilipita Turbo, Webuye na Bungoma ikielekea Malaba, na mwaka wa 1931 ikafika Kampala.

Babu hupenda kusimulia habari za Garratt, injini ndefu zilizokunjika katikati ili ziweze kupita kwenye kona. Kubwa kuliko zote zilikuwa za aina ya 59. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, iliunda 34 za aina hiyo, zikaletwa kwetu miaka ya 1955 na 1956 kufanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mojawapo iliitwa Mount Elgon, mlima huu huu tunaouona tukiwa gwaride asubuhi! Anayetaka kuona dada yake aende Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Kuna Mount Gelai, namba 5918.

Mimi nikasema nitaunda ndogo. Babu akacheka, lakini hakunikataza.

HESABU ILIYONIAIBISHA

Upana wa reli ile ya zamani, kutoka chuma kimoja hadi kingine, ni mita moja, yaani milimita 1,000. Waundaji wa magarimoshi madogo katika nchi nyingi hutumia reli yenye upana wa milimita 45. Ukigawanya 1,000 kwa 22.5 unapata 44.4, ambayo ni karibu sana na 45. Kwa hiyo kipimo changu kikawa moja kwa ishirini na mbili na nusu.

Garratt ya aina ya 59 ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Nikagawanya kwa 22.5, nikapata tani 11. Lo! Garimoshi la kuchezea lenye uzito wa lori! Nilikimbilia kwa mwalimu wa fizikia, akanicheka kwa upole. Kumbe ukipunguza kitu, hupunguzi urefu peke yake. Unapunguza urefu, upana na kimo. Kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 22.5 mara tatu: 22.5 × 22.5 × 22.5, ambayo ni 11,390 hivi. Tani 250 zikigawanywa hivyo zinabaki kilo 22 tu.

Hata hivyo kilo 22 za shaba na chuma zingemfilisi baba yangu. Niliamua kuunda injini fupi ya magurudumu manne, yenye boila moja na silinda mbili. Ilipomalizika ilikuwa na uzito wa kilo tatu hivi.

MVUKE UNAFANYAJE KAZI?

Kila mtu hapa Kitale anajua kwamba maharagwe huchelewa kuiva. Sababu ni kwamba mji wetu uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 tu. Bungoma, ambako ni mita 1,400 hivi, huchemka kwenye nyuzi 95. Mombasa yanafika 100. Presha ikipungua, maji huchemka upesi yakiwa bado na joto dogo. Presha ikizidi, maji hukataa kuchemka mpaka yapate joto kubwa zaidi. Sufuria ya presha hufanya kazi kwa kanuni hiyo, na boila vilevile.

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke mahali pa wazi hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ukiyafungia maji hayo ndani ya chombo na kuyachemsha, mvuke unakosa nafasi, unaanza kusukuma kuta. Ukiupa mlango mmoja, utatoka kwa nguvu kupitia mlango huo. Ukiweka pistoni mlangoni, utaisukuma. Pistoni inavuta mkono wa chuma, mkono unazungusha gurudumu, na gari linaenda.

Silinda nilizochagua ni za kuyumba. Silinda yenyewe inayumba huku na huku kama mtu anayepiga makasia. Ikiyumba upande mmoja, tundu lake linakutana na tundu la mvuke, pistoni inasukumwa. Ikiyumba upande wa pili, inakutana na tundu la kutolea, mvuke uliochoka unatoka nje: cha! cha! cha! Hakuna vali nyingi za kukuchanganya. Anayeanza aanze na hizi.

VIFAA NA KARAKANA

Karakana yangu ilikuwa kibanda nyuma ya jikoni, nyumbani Bungoma. Nilikuwa na jiliwa, msumeno wa chuma, tupa tatu na keekee ya mkono. Kazi ya kukereza magurudumu na kutoboa silinda niliipeleka kwa fundi wa jua kali mwenye mashine. Vitu vyenyewe vilikuwa hivi:

1. Bomba la shaba nyekundu lenye upana wa milimita 52 kwa ndani na urefu wa milimita 180, la kuwa boila.
2. Bamba la shaba nyekundu la kukata vifuniko viwili vya boila.
3. Shaba ya manjano kutoka koki za maji zilizoharibika, ya kuunda silinda. Upana wa tundu la pistoni ni milimita 10, na mwendo wa pistoni ni milimita 16.
4. Chuma cha magurudumu, na chuma bapa cha reli za mita sita. Mataruma nilichonga kwa vipande vya mbao.
5. Taa ya spiriti yenye tambi tatu, ya kukaa chini ya boila.
6. Geji ya presha.

Mwenzangu, usitumie shaba ya manjano kwa sehemu za boila zinazokaa ndani ya maji. Shaba hiyo ina zinki, na maji ya moto huila zinki polepole. Kwa macho utaona chuma kizima, kumbe ndani kimekuwa kama sifongo.

KOSA LANGU

Boila ya kwanza niliilehemu mwenyewe kwa lehemu laini, ile ya bati na risasi inayotumiwa kwenye nyaya za redio. Niliichagua kwa sababu ni rahisi na inayeyuka upesi. Nilipomaliza niliipaka rangi nyeusi, ikapendeza kweli. Kongamano la sayansi la shule lilikuwa limebaki siku nne. Nikajaza maji, nikamwendea babu.

"Babu, naomba kiberiti. Leo linaenda."

Akaigeuzageuza boila mikononi mwake. "Umeipima kwa maji?"

"Maji yamo ndani, babu, na hayavuji."

"Sikuulizi kama yamo. Nauliza kama umeyasukuma. Mjukuu wangu, kwenye reli boila haikuona moto kabla ya kupimwa kwa maji. Hata bwana mkubwa angekuja na barua, haikuona moto."

Nilimweleza habari za kongamano. Nilimwambia kwamba jina langu limeshaandikwa. Nakiri pia kwamba nilinung'unika maneno ambayo mjukuu hapaswi kumnung'unikia babu yake. Mzee akatia kiberiti mfukoni, akaketi kimya.

Basi nikaenda kuunda pampu ndogo ya mkono, na siku mbili zikapotea hapo. Niliiunda kwa kipande cha shaba na gololi mbili za baiskeli za kuzuia maji yasirudi. Tukajaza boila maji pomoni, tukatoa hewa yote, tukafunga geji. Lengo lilikuwa kufika paundi 60, mara mbili ya presha ya kazi ambayo ni paundi 30 kwa kila inchi mraba. Paundi 30 ni kama presha ya tairi la gari dogo. Nikapampu. Kumi. Ishirini. Thelathini. Mimi nikaanza kutabasamu.

Kwenye 40 kifuniko cha nyuma kilibenuka kama tumbo la mtu aliyeshiba. Uzi mwembamba wa maji ukachomoka pembeni, ukanipiga shavuni. Geji ikaanguka hadi sifuri. Hapakuwa na mlio wala kishindo. Shavu langu lililowa, basi.

Babu hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: "Ungekuwa umesimama wapi, kama huo ungekuwa mvuke?"

Sikujibu. Ningekuwa nimeinama pale pale nyuma, nikitazama geji.

KWA NINI MAJI BARIDI, SI MVUKE?

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Maji hayabanwi kirahisi. Kwenye paundi 60, maji yote ya boila yangu yanapungua kwa kiasi cha tone moja au mawili tu. Boila ikipasuka wakati huo, yakitoka matone hayo presha imekwisha.

Mvuke ni kitu kingine kabisa. Kwenye paundi 30, pale Bungoma, maji yaliyo ndani ya boila yana joto la nyuzi 133 hivi. Kifuniko kikiachia, presha inaanguka ghafla, na maji hayo hayaruhusiwi tena kuwa maji kwenye joto hilo. Sehemu yake inageuka mvuke papo hapo. Nilipiga hesabu: kwa mililita 280 nilizokuwa nimejaza, karibu lita 40 za mvuke zingelipuka kwa mpigo mmoja, pamoja na maji yaliyobaki, yenye joto la kuchemka. Usoni mwangu. Kwa sababu hiyo pia boila haipimwi kwa pampu ya hewa ya baiskeli, kwani hewa iliyobanwa nayo huruka.

Na nguvu yenyewe ni kiasi gani? Kifuniko changu kina eneo la sentimita mraba 21 hivi. Kwenye paundi 30 kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 45, nusu ya gunia la mahindi. Kwenye paundi 60 ni kilo 90, yaani gunia zima. Wana wa Kitale, gunia tunalijua! Nani angetundika gunia la mahindi kwenye lehemu ya redio?

Nilipokwangua rangi, niliona kwamba lehemu haikuingia kwenye kiungo. Ilikaa juu juu tu. Rangi ilikuwa imeficha aibu yangu. Na hata kama ingeingia vizuri, lehemu ya aina hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na hulegea kabla ya kufika hapo. Maji yakipungua juu ya moto, kwaheri.

Babu aliniambia kwamba injini kubwa zilikuwa na plagi ya risasi juu ya chumba cha moto. Maji yakishuka mno, risasi inayeyuka, mvuke unamwagika motoni na wafanyakazi wanajua kuna hatari. Risasi ile iliwekwa makusudi iwe mlinzi. Mimi niliweka risasi mahali pa kubeba mzigo.

Baadaye nilisoma kwamba plagi hiyo ilitokana na msiba. Mwaka wa 1803, injini ya kusukuma maji iliyobuniwa na Richard Trevithick ililipuka huko Greenwich, Uingereza, ikaua watu wanne. Kijana aliyeachiwa kuilinda alikuwa ameifunga vali ya usalama, akaenda zake kuvua mikunga. Baada ya hapo Trevithick akaanza kuweka vali mbili za usalama na plagi ya risasi. Mwaka uliofuata, 1804, injini yake ilivuta mabehewa juu ya reli huko Wales. Kijana yule alikuwa rika langu, nadhani, na haraka yake ilifanana na yangu.

BOILA YA PILI

Kongamano lilipita bila mimi. Niliumia, sitaficha. Likizo iliyofuata nilianza upya.

Safari hii nilikwenda kwa fundi wa friji. Yeye hulehemu mabomba ya shaba kila siku kwa lehemu ya fedha, ambayo huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600. Vifuniko nilivikunja ukingo, vikaingia ndani ya bomba kama kifuniko cha kopo, ili lehemu ipate mahali pa kushika. Katikati nilipitisha fimbo ya shaba nyekundu kutoka kifuniko hadi kifuniko, ili visibenuke. Kila kiungo nilikisugua mpaka kikang'aa, nikapaka poda ya boraksi. Fundi akaipasha boila yote joto hadi ikawa nyekundu kwa mbali, kwa kuwa shaba husambaza joto upesi na haitoshi kuchoma kiungo peke yake. Lehemu ikakimbia kuzunguka kiungo kama maji. Ilipopoa niliilaza katika maji ya ndimu usiku kucha, masizi yakatoka. Sikupaka rangi.

Tukapima tena. Hamsini. Sitini. Tukaacha dakika kumi, sindano ya geji haikusogea. Babu akapitisha kidole kwenye kila kiungo, kikatoka kikavu. Ndipo akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka mezani bila neno.

SIKU YA MOTO

Bado kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni vali ya usalama: gololi ndogo iliyokaliwa na springi isiyoshika kutu, niliyoirekebisha mpaka ikaachia kwenye paundi 30. La pili ni kipimo cha spiriti. Injini yangu haina pampu ya kuongeza maji ikiwa njiani, kwa hiyo moto lazima ufe kabla ya maji kwisha. Kwa mililita 280 za maji nilitia mililita 50 tu za spiriti. Moto ulipozimika, zaidi ya mililita 100 za maji zilikuwa zimebaki.

Kwanza vali ikaachia: fyuuu! Nikafungua mvuke. Magurudumu yakatetemeka, yakatema maji, yakagoma. Babu akalisukuma kidogo kwa kidole. Cha! Cha! Cha! Likashika njia, likaenda mita sita likivuta kigari chenye pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili. Mama akapiga kigelegele. Babu alikuwa anatazama geji.

MAFUNZO

Wenzangu, ukitaka kuunda, unda. Vitu vingi viko hapa hapa kwetu, na mafundi wapo. Lakini usianze bila mtu mzima anayejua kazi, na ukumbuke haya:

1. Boila ipimwe kwa maji baridi, mara mbili ya presha ya kazi, kabla ya kuona moto.
2. Viungo vya boila vilehemiwe kwa lehemu ya fedha, si kwa lehemu ya redio.
3. Vali ya usalama isifungwe wala kukazwa zaidi, hata kwa dakika moja.
4. Moto uishe kabla ya maji.

Sasa narudi kwa wahenga. Nadhani hawakukosea, ila sisi tunawanukuu vibaya tukishafanya uzembe. Ajali ya boila ina kinga, na kinga yenyewe ni pampu ndogo, ndoo ya maji na siku mbili za subira.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji huchemka upesi zaidi Kitale kuliko Mombasa?
2. Injini ya tani 90 ikiundwa kwa kipimo cha moja kwa kumi, itakuwa na uzito gani? (Usianguke nilipoanguka!)
3. Eleza kwa nini boila ikipasuka kwa maji baridi haina hatari kubwa kama ikipasuka kwa mvuke.
4. Plagi ya risasi ililindaje wafanyakazi wa injini kubwa?

MSAMIATI

Jiliwa: kifaa cha kubania kitu mezani wakati wa kukikata au kukipiga tupa.
Kukereza: kuchonga chuma au mti ukiwa unazungushwa na mashine.
Mataruma: vipande vya mti au chuma vinavyolazwa chini ya reli.